Tumtoe namba sita tupate mfungaji wa Kyela? Naombeni ushauri kabla ya Jumapili

Mhazini wa Uyole

Habari za jioni wadau, na wakubwa shikamooni. Mimi ni mhazini wa timu moja ya mpira ya huku Uyole, Mbeya, daraja la chini kabisa, jina la timu nalihifadhi maana wapinzani nao wanasoma humu. Ni mama wa makamo, nauza chai na chapati pale wanapopakia viazi. Uhazini nilipewa kwa sababu moja tu: mwenzangu aliyenitangulia alikuwa anaweka hesabu kwenye simu, simu ikaibiwa kwenye daladala, hesabu zikaenda nayo. Mimi naandika kwenye kaunta buku, na kaunta buku halali mbali na mto wangu.

Sasa sikilizeni. Mzunguko wa kwanza umekwisha, timu 10, mechi 9. Tumeshinda 4, sare 5, hatujapoteza hata moja. Pointi 17. Walio juu yetu wana 20. Mpaka hapo mtasema mama analia nini. Angalieni mabao: tumefunga 7, tumefungwa 2. Mabao saba kwa mechi tisa! Sare tatu ni bila bila, mbili ni moja moja. Tulizoshinda, tatu ni kale ka moja bila, na moja tu tulipata mawili. Wateja wangu wanasema kuangalia timu yetu ni kama kusubiri maharage yaive kwa kuni mbichi.

Ndipo likaja hili la Kyela. Kuna kijana huko, namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, mrefu, ana mabao 11 mzunguko wa kwanza peke yake. Yaani kijana mmoja anatuzidi timu nzima. Timu yake iko tayari kumwachia, ila hawataki pesa tupu. Wanataka namba sita wetu, yaani kiungo mkabaji, na juu yake 350,000 na seti moja ya jezi. Kwenye kaunta buku leo nina 412,500. Nikitoa hiyo nabaki na 62,500, na bado kuna waamuzi, chokaa ya uwanja, maji, na safari ya Igurusi ambayo Coaster peke yake inanimaliza.

Namba sita mwenyewe nieleze kidogo. Ni mbeba viazi. Anabeba lumbesa, ile ambayo serikali inaikataza kila mwaka na kila mwaka ipo, gunia limeshonewa kilemba juu. Wenzake wanabeba wakiwa wameinama, yeye anapiga goti moja, anasubiri wamtwishe, halafu anasimama wima taratibu kama mtu anayeamka kusali. Shingo haitikisiki. Na uwanjani ni hivyo hivyo. Mechi ya mwisho tulikuwa Igawilo, mvua, tope hadi kwenye soksi, tunaongoza moja bila, dakika za mwisho kabisa. Wakatuvamia watatu kwa mabeki wawili. Mimi nilishafumba jicho moja. Yeye hakukimbilia mpira, alikwenda kusimama pale mpira utakapopita, akageuza mgongo, yule mwenye mpira akaparamia mgongo ule akakaa chini mwenyewe. Refa akasema chezeni. Faulo haikuwepo, jamani, mtu kakuta ukuta.

Kamati tuko saba. Watatu wanataka wa Kyela aje, akiwemo mwenyekiti. Watatu hawataki. Wa saba ni mimi, na kura ni Jumapili baada ya ibada. Nisaidieni, ila msinitukane.

Zambarau wa Ilomba

Mama, mtoe. Mpira ni mabao, mengine ni mazoezi ya viungo. Chukua zile sare 5, tatu tu zingegeuka ushindi ungekuwa na pointi 23 na walio juu yako wangekuwa wanauliza humu kama mama Uyole anauza mchezaji. Timu isiyofungwa lakini haifungi ni kama daladala isiyopata ajali kwa sababu haitoki stendi.

Na mfano upo hapa hapa mkoani. Ihefu ya Mbarali msimu wa 2022/23 ilianza vibaya, iko mkiani. Dirisha dogo la usajili la Januari 2023 wakaingia sokoni kwa nguvu, wakamleta Yacouba Songne aliyekuwa Yanga, wakaongeza na wengine, wakabaki Ligi Kuu. Wangekaa wanahesabu hela za chokaa wangeshuka.

Kocha wa Vumbi

Zambarau, huo mfano umeukata katikati. Ihefu hiyo hiyo kabla hata ya dirisha dogo ndiyo iliyomfunga Yanga 2–1 pale Ubaruku, tarehe 29 Novemba 2022, Yanga akiwa ametoka mechi 49 bila kufungwa. Nani alifunga? Never Tigere, kiungo, na Lenny Kissu, beki. Hakuna namba tisa hapo.

Na kama ni mifano ya mkoani mbona umeiruka Ken Gold ya Chunya? Wamepanda 2024, dirisha dogo la Januari 2025 wakakusanya majina, Bernard Morrison akiwemo, watu tukajaa uwanja wa Sokoine kumwangalia. Msimu haujaisha wakawa wameshashuka. Jina halikimbii, mguu ndio unakimbia.

Mama mhazini, shikamoo. Mimi nafundisha vijana huku Nzovwe, sina cheti cha maana lakini nina macho. Swali langu ni hili: hao washambuliaji mlionao wanakosa mabao, au hawapati mipira? Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake si moja. Kama mnafika golini mara kumi mnapiga nje, tafuteni mmaliziaji. Kama mnafika mara mbili, hata mkimleta nani atakuwa mtalii tu, atasimama pale mbele anapiga picha na Mlima Loleza.

Halafu huyo namba sita mkimtoa, mpira nani ataupora? Mabao 2 kwa mechi 9 si bahati.

Zambarau wa Ilomba

Kocha, kwenye Ken Gold walisajili wazee. Huyu wa Kyela ni kijana. Usichanganye viazi na magimbi.

Dereva wa Kyela

Ndaga fijo wadau. Mimi napiga Noah Kyela–Uyole, na huyo kijana mnayemsema nimemwona kwa macho yangu mara tatu, siyo kusimuliwa.

Kwanza sifa zake, nisije nikaambiwa namchimba. Kichwa anacho. Akiruka anakaa juu kama mtu anayesubiri gari. Nimemwona akifunga kwa kichwa beki amemshika bukta, na bukta ikabaki nusu mlingoti lakini goli likaingia. Kwa mipira ya juu huku wilayani kwetu hana mpinzani.

Sasa yale 11. Manne ni penalti. Hiyo si dhambi, penalti nayo lazima mtu aipige, ila mjue. Mengine matatu aliyafunga siku moja dhidi ya timu iliyokuja na watu tisa kwa sababu gari yao iliwafia Kiwira. Najua maana waliokwama njiani niliwapita mimi, nilikuwa nimejaza, wakanipungia mkono nikawapungia. Ukiyatoa hayo yanabaki manne. Manne si mabaya, ila siyo 11.

Kingine ambacho hamkifikirii ni hewa. Kyela iko chini kule karibu na Ziwa Nyasa, joto, mchanga, mtu anacheza kifua wazi. Huko kwenu Uyole mko juu sana, mwezi wa saba maji ya bomba yanauma meno. Abiria wangu wenyewe tukishapita Tukuyu wanaanza kuvaa makoti. Huyo kijana mara ya kwanza akikimbia huko dakika ishirini atauliza nani kazima oksijeni.

Na harudi nyuma kukaba. Hata kidogo. Mpira ukipotea anashika kiuno.

Zambarau wa Ilomba

Dereva wewe ni wa Kyela kweli au umetumwa na kamati? Namba tisa kurudi kukaba ni kazi ya nani? Mfungaji anakaa mbele anawinda. Simba hapalilii shamba.

Dereva wa Kyela

Ukiwa na mtu anayempalilia sawa. Uyole ndio wanataka kumuuza mpaliliaji wao.

Mwanapaluhengo

Nawasalimu kutoka Iringa. Nachangia kidogo tu maana kidonda changu bado kibichi. Lipuli yetu mwaka 2019 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, tukafungwa na Azam 1–0 kule Lindi. Tukarudi na heshima mji mzima. Mwaka uliofuata, 2020, tukashuka daraja. Timu ikishajengeka mioyoni mwa watu ikaanza kupapasa mfukoni na kuuliza huyu anauzika kwa ngapi, kila anayeondoka anaondoka na kipande cha ukuta. Mama, mimi ningemwacha namba sita alipo.

Ila hela 412,500 kwa timu ya daraja hilo mmetunza vizuri. Nipe siri.

Mzee wa Tukuyu

Wanangu, marahaba kwa wote walionisalimia na wasionisalimia.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana, nina baiskeli ya Phoenix na suruali moja ya kutokea. Tukuyu Stars ilipanda ligi ya Tanzania na mwaka huo huo ikachukua ubingwa. Banyambala, ndivyo tulivyowaita! Timu ya kutoka migombani, siyo Dar, siyo Morogoro. Watu mnasoma siku hizi mnadhani ni hadithi. Nilikuwa natoka Tukuyu alfajiri kwenda Mbeya kwa lori la ndizi, nimekaa juu ya mikungu, kurudi ni usiku sauti imekauka. Na sitasahau baada ya hapo, wakubwa wa Dar wakaanza kuja mmoja mmoja. Huyu kachukuliwa, yule kachukuliwa. Sisi tukabaki na kombe na picha.

Lakini sijaja kusimulia ujana wangu, ingawa nimeshausimulia. Nimesoma hapa juu mpaka chini. Mmejadili mabao, penalti, hewa, chokaa, hata bukta. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo kijana mbeba viazi anasemaje. Mnamgawa kama debe la ulanzi. Yeye ana mdomo, ana mama yake, labda ana mchumba. Mhazini mwanangu, ulishamuuliza?

Mhazini wa Uyole

Mzee wangu shikamoo. Hapana, sikuwa nimemuuliza, na nilipokusoma usiku nilijisikia vibaya mpaka nikaamka kunywa maji.

Kwanza nimjibu kocha. Nilifungua kaunta buku, maana mimi kila goli naandika limetokeaje, kwa lugha yangu ya jikoni. Katika yale 7, matatu yalianza na namba sita kupora mpira na kuusukuma kwa winga wa kulia kabla wapinzani hawajageuka. Moja alifunga mwenyewe kwa goti, na mpaka leo anadai alikusudia. Yaani manne kati ya saba yana mkono wake. Kuhusu mipira inayofika golini, sina idadi, ila najua nani anakosa: namba tisa wetu wa sasa ni fundi cherehani, kila akipiga mpira unafuata mshono wa nje.

Sasa nimsimulie mzee. Jana asubuhi kijana alikuja kunywa chai kama kawaida yake, vikombe viwili, chapati tatu, deni anaandikwa. Nikamwambia hebu kaa. Nikamweleza yote: Kyela, jezi, pesa. Alikuwa na viazi vya lori moja la Dar vinamsubiri. Akatafuna mpaka akamaliza, akaniuliza, "Mama, Kyela wanabeba nini?" Nikamwambia mpunga, kokoa. Akaniuliza tena gunia la mpunga linalipwa kiasi gani kulibeba. Sijui, nikamwambia. Akasema, "Basi mngeuliza hilo kwanza. Mpira wananipa maji na soda, gunia ndilo linanipa kodi ya chumba. Nikienda huko nikakuta wana wabebaji wao, nitakula jezi?"

Halafu akaongeza, akiwa ameshasimama anajifunga lile gunia tupu kichwani: "Ila huyo mrefu aje. Mimi nikimpora mtu mpira naangalia mbele sioni mtu wa kumpa."

Nikabaki nimeshika birika. Hayo ndiyo maneno ambayo kamati ya watu saba ilishindwa kuyasema kwa vikao vitatu.

Mwanapaluhengo, siri ya pesa: kila shabiki anayekunywa chai siku ya mechi, mia moja ya kikombe inaingia timu. Na simkopeshi mwenyekiti.

Kocha wa Vumbi

Jibu umeshalipata mama. Unamhitaji wa Kyela NA namba sita. Waambie wakupe kwa mkopo, mzunguko wa pili tu. Mchezaji wa daraja hilo akikaa tu kwao hawapati hela yoyote, wewe utawalipa kidogo. Na aje ajaribiwe kwanza, umwone akikimbia kwenye hewa yenu, usinunue mbuzi kwenye kiroba. Hakikisheni tu barua ya kuachiwa inapatikana mapema na usajili unafuata taratibu, msije mkaambiwa mmechezesha mamluki, mtu asiyesajiliwa kihalali, mkapokonywa pointi mlizozitafuta kwenye tope.

Zambarau wa Ilomba

Hapo nakubali. Ila penalti apige yeye.

Mhazini wa Uyole

Nimerudi wadau, najua mlikuwa mnasubiri.

Kura Jumapili ilikuwa nne kwa tatu: namba sita habadilishwi. Mwenyekiti hajaja kunywa chai tangu siku hiyo. Ametuma mtoto achukue chapati, kwa hiyo kinyongo chake kina mipaka.

Kyela niliwapigia mwenyewe. Mkopo mwanzo walikataa, wakasema wao si benki. Nikawaambia sawa, Jumamosi mnakuja kucheza kirafiki huku au hamji, nitapika. Wakauliza kuna nini, nikasema kuna nyama. Tukaanza kuelewana. Mwisho wametaka 150,000 na jezi zile za zamani za bluu, siyo mpya. Kwenye buku nitabaki na 262,500. Igurusi tutafika.

Kijana mwenyewe hakusubiri Jumamosi, amekuja Jumanne na Noah, na mfuko wa usipa mkavu kama salamu kwangu. Ana adabu, alinisalimia mara mbili. Mazoezini dereva alisema kweli: dakika ya 25 alikuwa ameshika magoti yote mawili, anahema kama jiko la mkaa linalopepewa. Vijana wakaanza kucheka. Namba sita hakucheka. Alipora mpira katikati kama kawaida yake, akainua kichwa, akampelekea winga, winga akatia krosi. Yule mrefu alikuwa bado anahema, lakini aliruka. Sikuona alivyopiga, niliona golikipa akienda kuutoa mpira kwenye mahindi ya watu nyuma ya goli, maana wavu wetu una tundu.

Tatizo lililobaki ni dogo ila linanisumbua. Huko kwao anachezea raba, mchanga hauna shida. Huku kwenye tope anateleza kama yupo kwenye sabuni. Anavaa namba 45. Nimezunguka mitumba ya Mwanjelwa mara mbili, njumu kubwa niliyoikuta ni 43, na muuzaji akaniuliza huyo mtu ni wa kweli. Mwenye kujua zilipo njumu namba 45 aseme, bei tutaongea.

Dereva wa Kyela

Kesho naishia Kasumulu mpakani, kuna jamaa anatoa mtumba mkubwa mkubwa. Nitaangalia. Kuna za pinki niliziona wiki iliyopita, sijui atakubali?

Mhazini wa Uyole

Chukua. Bora ziwe na meno.